Mtunza Ghala la Risasi na Saini ya Bi Mizani

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba, nanyi mliotoka mbali poleni kwa safari. Anayewasomea ni binti wa kwanza wa marehemu. Wasifu huu ulianza kuandikwa kando ya kitanda chake, na kurasa za mwanzo alizisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo mkikuta tarehe haiko sawa, mlaumuni yeye. Ni mrefu kuliko ilivyozoeleka. Naomba mnivumilie, hasa tutakapofika mwaka 1979.

Marehemu alizaliwa Jumapili asubuhi, tarehe 9 Mei 1948, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi baiskeli na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya reli. Baba yake alimzoesha mapema kupanga gololi na nati kwenye makopo kwa ukubwa wake. Shangazi yetu, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lile, anasema kaka yake alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa kusahau. Alipotumwa chumvi dukani alikwenda mbio na kurudi mbio, bila chumvi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956 na kumaliza mwaka 1963. Mwaka uliofuata alikaa nyumbani akimsaidia baba yake, kisha miaka ya 1965 na 1966 alisoma ufundi wa chuma. Ripoti yake ya mwisho tunayo. Mwalimu ameandika: "Mikono mizuri sana. Angekuwa anasubiri nimalize kueleza, angekuwa wa kwanza." Baba aliipenda ripoti hiyo na kuwaonyesha wageni.

Jumatatu tarehe 3 Aprili 1967 aliajiriwa kuwa msaidizi katika ghala la risasi la chuo cha mafunzo ya polisi, na hapo alifanya kazi miaka thelathini na sita bila kuhama. Ghala lilikuwa chumba kirefu chenye kuta nene, madirisha madogo karibu na dari na sakafu ya mbao. Mlangoni palikuwa na kopo la kuachia viberiti, na viatu vyenye misumari havikuingia. Kushoto zilipangwa risasi za bunduki, ndefu. Kulia za bastola, fupi na nene. Rafu ya chini ilikuwa ya marisau, zile zenye punje nyingi ndani ya ganda moja. Peke yake kwenye kona kulikuwa na risasi baridi, ambazo zina mlio na moshi lakini hazina kichwa, mdomo wa ganda umefinywa tu. Sisi wanawe tulizijua aina hizo kama watoto wengine wanavyojua aina za magari, ingawa hatukuruhusiwa kushika hata moja.

Alitufundisha kwa kalamu ya wino. Mwili wa kalamu ulikuwa ganda, ncha ilikuwa kichwa, wino ulikuwa baruti. Kitakoni alibandika kipande cha karatasi akasema hiyo ndiyo fataki, ndogo kuliko ukucha wa mtoto, nayo ndiyo inayowasha baruti ikigongwa. Bila fataki, vingine vyote ni shaba ya kuuza kwa kilo. Hakuvumilia filamu. Mtu akifyatua bastola mara arobaini bila kujaza, Baba aliinuka akazima televisheni. "Huyu anajaziwa na nani?" aliuliza. "Ghala lake liko wapi?" Ilibidi tuende kumalizia filamu kwa jirani.

Mwaka 1970 alipata mwenzake wa ghalani, dada aliyetoka kwenye duka la dawa, ambako alikuwa akipima unga wa dawa kwa mizani ndogo. Walimwita Bi Mizani. Nilimuuliza nimtaje hapa kwa jina gani, akachagua hilo. "Jina langu la nyumbani liko kwenye mafaili ya mahakama," aliniambia. "La ghalani halijaguswa." Baba alisema Bi Mizani alikuwa akiimba anapopima, na akinyamaza tu, ujue kitu hakiko sawa kwenye sahani.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1973 na mama yetu, aliyekuwa akifua shuka katika hospitali ya jirani na baadaye akawa msimamizi wa chumba cha nguo. Msimamizi wa Mama siku ya harusi alikuwa Bi Mizani, na tangu siku hiyo akawa anamwita Baba shemeji. Marehemu alifika harusini mapema kuliko wote, lakini pete aliiacha nyumbani juu ya kabati. Bi Mizani alivua yake akamwazima. Picha ya harusi iliyo ukurasa wa pili wa programu, hiyo pete mnayoiona si ya Mama.

Wengi wenu mlimfahamu Baba kwa jina la Mara Tatu. Mnakumbuka jinsi alivyofunga mlango, akarudi kuutikisa, akarudi tena. Jiko la gesi alilizima mara tatu. Mjukuu wake akisema amepiga mswaki, aliambiwa aonyeshe meno, kisha aonyeshe mswaki, kisha aonyeshe meno tena. Tulicheka sana, na mkaza mwana wake alimfanyia wimbo. Lakini Mama alikuwa na kauli yake moja ambayo hatukuielewa. "Mimi niliolewa na mtu wa haraka," alisema. "Huyu wa mara tatu sijui aliingia lini humu ndani." Sasa tunajua aliingia lini.

Kazi kubwa ya wawili wale ghalani ilikuwa kutengeneza risasi za darasani. Hizi ni za kufundishia: mwanafunzi anajifunza kuzipachika kwenye bunduki na kuzitoa, na akivuta kifyatulio hakitokei kitu. Marehemu alichukua risasi ya moto, yaani iliyo kamili, akaing'oa kichwa, akaondoa baruti, akaiua fataki kwa mafuta, kisha akarudisha kichwa mahali pake. Ugumu wa kazi hii ni kwamba ukishamaliza, iliyokufa na iliyo hai ni mapacha. Macho hayawezi kuzitofautisha. Mizani inaweza, kwa sababu isiyo na baruti ni nyepesi. Kwa hiyo kila moja ilipita kwa Bi Mizani, na ikishapita ndipo marehemu aliipaka rangi nyekundu kitakoni. Rangi ilifuata mizani, haikutangulia. Kisha wote wawili walisaini daftari, mtengenezaji mstari wa kwanza na mpimaji mstari wa pili.

Jumanne tarehe 14 Agosti 1979, kwenye saa tatu asubuhi, Bi Mizani aliomba ruhusa ampeleke mwanawe kliniki. Alimwambia marehemu, "Shemeji, ziache hapo kwenye trei. Nikirudi nitazipima." Zilikuwa thelathini, za asubuhi ileile. Saa nne kasorobo mkufunzi alikuja dirishani akasema, "Darasa limeshakaa, tunakungoja wewe tu." Marehemu aliitazama trei. Katika miaka tisa, mizani ile haikuwahi kukamata hata moja iliyokosewa. Alizipaka zote thelathini rangi nyekundu. Alisaini mstari wake, na kwenye mstari wa pili akaiga saini ya Bi Mizani. Moja kati ya zile thelathini ilikuwa haijaguswa. Alipokwenda kunawa mafuta mikononi aliiweka kwenye trei isiyo yake, ile ya zilizokwisha kuuawa, na aliporudi ilikuwa imeshafanana na wenzake.

Saa nne na nusu, darasani, mkufunzi aliwaonyesha wanafunzi namna ya kuvuta kifyatulio. Kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliyekuwa na miezi miwili tu chuoni, alipigwa kifuani na kufa palepale. Alikuwa amekaa safu ya mbele kwa sababu ubao hakuuona vizuri kutoka nyuma.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku tisa. Kitako cha ganda kilikuwa chekundu na daftari lilikuwa na saini mbili, kwa hiyo swali lilibaki moja: aliyepima ni nani? Bi Mizani alisema hakupima na hakusaini, alikuwa kliniki. Karatasi yake ya kliniki ilikuwa na tarehe, lakini haikuwa na saa. Marehemu alipoulizwa, alijibu hivi: "Kazi yangu ni kupaka rangi zilizokwisha kupimwa." Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Ilimpeleka mwenzake gerezani miezi kumi na minane.

Bi Mizani aliacha nje watoto wawili, wakalelewa na bibi yao. Mama alikuwa akimtembelea kila mwisho wa mwezi, na sabuni na dawa ya meno kwenye mfuko. Nakumbuka siku moja, nikiwa na miaka mitano, Mama amerudi, ameketi mezani na viatu vyake bado miguuni. "Yule mwanamke ameapa tena kwamba hakusaini," alimwambia Baba. "Mimi namwamini. Wewe ulikuwepo, hebu waambie waangalie upya." Baba aliweka kijiko chini akatoka nje. Mama alidhani uchungu wa kumpoteza rafiki ndio unaomtoa mezani. Alikufa mwaka 2011 akidhani hivyo, na hilo nalo ni kati ya mambo yanayoniuma.

Mwaka 1981 marehemu alipandishwa cheo na kuwa mtunza ghala mkuu. Alibadilisha utaratibu wote: risasi za darasani zikatobolewa tundu ubavuni ili hata kipofu azitambue kwa kidole, na kila moja ikapimwa mara tatu na watu watatu. Hakutokea ajali nyingine mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2003. Walimpa cheti na saa ya ukutani. Saa hakuitundika, ilikaa kwenye boksi lake chini ya kitanda.

Kikohozi kilianza Novemba 2021, na Februari mwaka huu madaktari walikuta saratani kwenye mapafu. Alipoambiwa, aliuliza imebaki miezi mingapi, akamwomba daktari arudie, akamwomba tena. Kisha akaniita niandike wasifu wake mapema, kwa maelezo kwamba sisi na tarehe hatuelewani. Jumamosi tarehe 5 Machi, saa tano asubuhi, nilikuwa nimekaa na daftari karibu na kitanda.

"Umefika wapi?" aliniuliza.

"Kazini. Umepandishwa cheo."

"Hapo simama. Rudi nyuma."

Akanieleza kama nilivyowaeleza, kwa mpangilio, kuanzia trei mpaka kijiko. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Sikutaka jibu la busara na hakunipa. "Niliogopa jela," alisema. "Siku ya kwanza niliogopa jela. Baadaye nikaogopa nyinyi." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Baba ilikwenda miaka arobaini na miwili, na humo ndani tulisoma, tukala, tukaolewa na kuoa. Kwa siku kadhaa nilimchukia huku nikimnywesha dawa kwa mkono wangu. Sitasema nilimsamehe papo hapo, kwa sababu yeye mwenyewe angeniambia nihakiki.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwa Bi Mizani. Anaishi na mwanawe katika chumba kilicho nyuma ya duka la cherehani, nguo za watu zimening'inia hadi mlangoni. Baada ya gereza alipiga deki korido za ofisi ya tiketi kwa miaka ishirini na sita, kwa kuwa kazi yenye daftari hakuna aliyethubutu kumpa. Alinikaribisha, akanitafutia kiti, akaondoa sketi ya mtu iliyokuwa juu yake. Nikamwambia nilichotumwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mimi najua tangu 1979. Ghalani tulikuwa wawili. Kama si mimi, ni nani?"

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema siku tisa. Ambaye hakusema ni yeye."

Nilimwambia Baba anaomba kuja kumwangukia miguuni, na kama hataweza kutembea, tutambeba. Akakataa. "Asije hapa. Nikimsamehe chumbani, nani atajua? Mimi sikuaibishwa chumbani. Nilitolewa pale chuoni mchana, foleni ya chakula yote inatazama, na mama yake yule kijana alikuwepo, akanitemea mate. Sikumlaumu. Mwambie shemeji aseme mbele ya watu. Akisema, mimi nitajua la kufanya."

Ndiyo, alimwita shemeji. Nilifika hadi barabarani ndipo nikalia.

Baba alikubali bila kuomba hata siku ya kufikiri. Alipanga Jumamosi tarehe 26 Machi, saa nne asubuhi, sebuleni kwetu. Waalikwe wastaafu wote wa chuo walio hai, majirani, na Bi Mizani na wanawe. Aliandika atakachosema, nusu ukurasa, akakisoma kwa sauti kila asubuhi ili pumzi imtoshe. Jumatano alifika mwisho bila kukohoa, akafurahi, akaomba chai. Alhamisi tarehe 24 Machi 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alivuta pumzi akiwa ameegemea mto, akiwa na mwanawe na mimi, na nyingine haikufuata. Viti vya kuazima vilikuwa vimeshaletwa. Ndivyo mlivyokalia leo.

Familia ilikaa kikao, na sitaficha kwamba tuligombana. Shangazi alisema, "Marehemu hasemwi. Mtamzika mara mbili." Mdogo wangu alisema tumpelekee Bi Mizani barua yenye mhuri, iishe kimya. Katika nakala ya kwanza ya programu hii, kutoka mwaka 1973 tuliruka moja kwa moja hadi kustaafu. Niliishika nakala hiyo nikaona jinsi inavyopendeza, na jinsi ilivyo rahisi kupaka rangi juu ya kitu ambacho hakijapimwa. Nikaikataa. Shangazi akasema, "Basi soma wewe, na usisome kwa kunong'ona." Huyo ndiye Shangazi yetu, na ndiyo maana leo amekaa mstari wa mbele.

Tulimtafuta pia ndugu wa yule kijana. Tulimpata mdogo wake kwa simu. Aliposikia, akasema, "Ahsante kwa kuniambia. Mama alikufa akimlaani mtu asiye na kosa. Sitakuja." Hatukumwomba zaidi. Kwake na kwa jamaa zake wote tunasema: Baba yetu ndiye aliyeiacha risasi ile hai. Tunaomba radhi, na hatudai jibu.

Marehemu alikuwa baba mzuri. Nimejitahidi kuifuta sentensi hiyo na imekataa kufutika. Alitembea na mimi hadi shuleni mwaka mzima nilipoogopa mbwa wa njiani, alimuuguza Mama mpaka dakika ya mwisho, na hakuna jirani aliyeleta jiko bovu akarudi nalo bovu. Yote hayo ni kweli, na saini ile nayo ni kweli. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yote ni ya mtu mmoja, na nina uchungu nayo yote.

Ametanguliwa na mkewe na ndugu zake watatu wa kiume. Ameacha dada mmoja, mabinti wawili na mwana mmoja, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja mwenye wiki tano.

Bi Mizani tulimpelekea siku na saa ya mazishi. Hakuahidi kuja, nasi hatukumbana. Sijui wakati naandika kama atakuwepo, kwa hiyo namwandikia kana kwamba yupo, na kama hayupo, mliopo mtambebea maneno haya mpaka mlangoni kwake, na kokote alikowahi kuitwa muuaji.

Mama, tarehe 14 Agosti 1979 hukupima na hukusaini. Ulisema kweli siku ya kwanza na siku ya tisa. Aliyesaini ni baba yetu, kwa mkono wake, na leo amesema mbele ya watu kwa mdomo wangu, kwa kuwa wake ulifumbwa siku mbili kabla ya siku aliyoipanga. Kumsamehe au kutomsamehe ni kwako, hakuna atakayekuuliza. Programu hii tumechapa nakala mia tatu, na ya kwanza kutoka mashineni tumekuwekea wewe. Heshima yako na itangulie kurudi nyumbani. Baada yake, Mungu akipenda, Baba naye apumzike.